Kinanda Hakipumui

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempulizia mwanadamu roho kabla mwanadamu hajajua kupuliza chochote. Namshukuru kwa asubuhi hii, kwa macho ambayo bado yanauona mstari, na kwa vidole ambavyo bado vinakunjika ingawa vimeanza kubisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake, na kila mwalimu aliyemwonyesha mwenzake njia, awe wa dini yetu au wa jirani zetu.

Mwanangu, nimesikia umeanza kuandika muziki kwa ajili ya watu wengine kupiga. Nimefurahi. Ila kazi hiyo ina mlango mmoja ambao nilijigonga uso nilipouingia, nami sipendi nawe ujigonge.

Nakumbuka siku moja ya Jumatatu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimekaa katika chumba cha mazoezi cha bendi ya kambi yetu ya jeshi hapa Kampala. Saksafoni ilikuwa magotini mwangu. Mbele ya kila mpigaji palikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, mistari imenyooka kama safu ya swala. Ulikuwa muziki wa kwanza nilioupanga mwenyewe kwa ajili ya bendi nzima. Nilijiona mtu. Kumbe katika karatasi mojawapo nilikuwa nimemwandikia mzee wa watu adhabu, na sikujua.

Lakini kwanza nikueleze nilivyofika hapo, maana hadithi isiyo na mwanzo ni kama swala isiyo na takbira.

Mimi ni mtoto wa Kisenyi. Babu wa babu yangu aliletwa na Waingereza, askari kutoka Sudani, na sisi wajukuu tukabaki na dini yake na jina la Wanubi. Kabla sijagusa chombo chochote nilikaa miaka saba mbele ya Maalim Rajabu, aliyetusomesha Qur'ani nyuma ya duka la nafaka. Maalim alikuwa mkali wa jambo moja: mahali pa kusimama na kuvuta pumzi ndani ya aya. Siku moja nilijitia ushujaa nikasoma aya ndefu kwa pumzi moja, na pumzi ikaniishia katikati ya neno. Hakunichapa. Alisema, "Kuvuta pumzi si aibu. Aibu ni kulikata neno la Mungu kwa sababu ulijivuna kwamba utafika." Wanafunzi wenzangu wakacheka, nami nikasahau. Mtoto husahau maneno, lakini maneno hayamsahau.

Nilipotimiza miaka kumi na minane niliingia katika bendi. Mama yangu hakupenda. Alikubali kwa sharti kwamba nisipige kwenye mabaa, nipige muziki wa kuandikwa tu, ule wa sherehe na wa utulivu. Wapo wanazuoni watakaoninyooshea kidole kwa chombo hiki, nami sibishani nao. Kila usiku namwomba Mola anisamehe nilipokosea na anikubalie niliponuia mema.

Aliyenifundisha saksafoni aliitwa Mzee Opio, mtu wa Lira, kaskazini. Yeye alipiga ile saksafoni kubwa, baritoni, yenye sauti nzito kama ya mtu anayesema ukweli bila haraka. Mwezi mzima alinipa noti moja. Asubuhi noti hiyo, jioni noti hiyo. Nikimlalamikia, hujibu, "Mtoto yangu, hujaijua bado. Wewe umeisalimia tu." Kwa sababu yake nilikuja kuupenda muziki wa klasiki kwa saksafoni, muziki wa taratibu ambao wengi hawakuamini chombo kile kinauweza.

Mwaka mmoja kabla ya Jumatatu ile Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, na duka lililotuuzia vifaa vya muziki lilifungwa. Ridi, ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetemeka mdomoni, haikupatikana tena kwa thamani yoyote. Opio alikwenda bondeni kukata matete, akayakausha juu ya bati, akayachonga kwa wembe mpaka yakaimba. Springi za vyombo zikikatika, alinichukua tukaenda Katwe, kwa mhunzi mmoja aliyezitengeneza kwa mbavu za miavuli. Bendi ile ilisimama kwa mikono ya mzee huyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo wakati ule hatukulisema kwa sauti. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na watu wa kwao Opio walikuwa wakichukuliwa. Katika bendi yetu walikuwa watatu wa kabila lake, yeye mmojawapo. Wawili waliitwa langoni asubuhi moja, na hawakurudi. Kesho yake viti vyao viliondolewa na safu ikasogezwa, basi. Opio naye alichukuliwa. Siku ya tisa alirudi. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo, na akikohoa aliushika ubavu wa kushoto kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Hakusema alikuwa wapi, na sisi hatukuuliza. Aliporudi kwenye kiti chake alijifunza upya, akaukunja mdomo wa juu juu ya ufizi na kupiga hivyo hivyo. Sauti ilirudi. Tukasema, Alhamdulillahi, mzee amepona. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini vijana tulikuwa tukisikia sauti tu, hatukuona kovu.

Aliyemwokoa alikuwa kiongozi wa bendi, Muganda mmoja Mkatoliki. Sisi tulimwita Ssalongo, kwa sababu alizaa mapacha, na hiyo ndiyo heshima ya Waganda kwa baba wa mapacha. Kwa kuwa jina Opio kule kwao hupewa pacha wa kwanza, Ssalongo alikuwa akimtania, "Mimi ni baba wa mapacha wote wa nchi hii, kwa hiyo nisalimie kwa kupiga magoti." Walikuwa umri mmoja. Opio humjibu, "Baba gani hana ndevu?" Ssalongo ndiye aliyemwambia kapteni msimamizi wetu kwamba bila Opio hakuna mtu wa kupiga baritoni wala wa kutengeneza vyombo. Maneno hayo yalimrudisha Opio kazini, na ndiyo yaliyokuwa yamembakiza hai, yeye na mkewe na watoto wanne katika chumba kimoja cha kambi. Maadamu anapiga, anahitajika. Siku asipoweza kupiga, hakuna atakayemuulizia.

Basi tukaambiwa wageni wa nje watakuja Ijumaa ya wiki inayofuata, na wakubwa wanataka muziki wa heshima, si wa gwaride. Ssalongo alikuwa akipiga kinanda kanisani Lubaga kila Jumapili. Akanipa kitabu chake cha muziki wa kinanda, akaniambia nichague kipande kimoja cha taratibu nikipange kwa saksafoni nne na bendi. Hakuna zawadi niliyowahi kupewa kubwa kuliko ile. Nikaifanya kazi siku sita. Mkono wa kulia wa kinanda nikaugawa kwa klarineti na kwangu mimi mwenyewe, na sauti tamu kuliko zote nikajiwekea, sifichi. Mkono wa kushoto nikawapa wengine. Kinanda cha kanisa kina sehemu ya chini inayokanyagwa kwa miguu, na katika kipande kile mguu unakanyaga noti moja nzito vipimo kumi na sita vya mapigo bila kuachia. Noti hiyo nikampa Mzee Opio. Kwa kuwa nilitaka iwe kama ilivyo kitabuni, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: BILA KUKATA.

Mpigaji mwingine angeiba pumzi. Kila mpuliza chombo anajua kuiba pumzi, kuvuta hewa haraka bila msikilizaji kugundua. Lakini yule alikuwa askari wa zamani, na alikuwa mwalimu wangu. Kilichoandikwa alikitii, na kwa sababu kimeandikwa na mwanafunzi wake, alitaka kukitimiza.

Jumatatu ile kapteni aliingia bila taarifa, akakaa kwenye kiti nyuma, mguu juu ya mguu. Alikuwa mtu wa tabasamu nyingi. Ssalongo akainua fimbo tukaanza. Mwanangu, vipimo vya kwanza vilikuwa vizuri hata machozi yalinilenga. Kisha ikaja noti ndefu. Nilikuwa napiga sauti yangu tamu juu yake, nimefumba macho. Kwenye kipimo cha tisa nikaisikia ikitetemeka. Cha kumi ikapasuka, ikarudi, ikapasuka tena kwa sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Mpiga ngoma mmoja akacheka. Ssalongo akashusha fimbo.

"Nani huyo?" kapteni akauliza.

Opio mwenyewe akasimama, jasho limemlowa shingo, mkono ubavuni. "Ni mimi, afande. Opio."

"Opio wa wapi?"

Alijua. Sote tulijua kwamba alijua. "Lira, afande."

Kapteni akatabasamu. Akatoa mfukoni kitabu kidogo chenye jalada la kijani, akaandika polepole kama mtu anayeandika barua ya posa. "Huyu amechoka," akasema, "au anatuharibia kwa makusudi mbele ya wageni?"

Mwanangu, hapo ndipo penye kisa changu chote. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Niliiona karatasi yangu juu ya stendi ya Opio, na yale maneno mawili yakinitazama. Nilijua. Katika dakika ile nilijua kila kitu, kwamba hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kuishikilia noti ile, sembuse kifua kilichovunjwa. Mimi Mnubi, mtoto wa Kisenyi, wa kabila lililopendelewa na watawala wale, niliyekuwa salama kwa jina langu tu katika siku zile, ningeweza kusimama na kusema sentensi moja. Nikanyamaza. Niliinamisha kichwa nikajifanya natengeneza ridi yangu.

Ssalongo ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeongea na ng'ombe mkali, kwamba karatasi ni mpya, na karatasi mpya hubana kama kiatu kipya. Na kwamba yeye kama kiongozi alipaswa kuisoma kwanza na hakuisoma. Akaomba mpaka Alhamisi.

"Alhamisi nitakuja," kapteni akasema. "Bomba lake hilo likikatika sauti tena, mzee huyu tutamtafutia kazi nyingine."

Wale wawili walioitwa langoni nao walikuwa wametafutiwa kazi nyingine.

Watu walipotoka, Ssalongo aliniambia nibaki. Hakunigombeza. Aliichukua baritoni ya Opio, akanivisha mkanda wake shingoni, akaweka mbele yangu ile karatasi. "Haya," akasema, "piga." Nikapiga. Kipimo cha nane masikio yalianza kuvuma, cha kumi nikaona nyota, cha kumi na moja nikakaa chini. Akaniamuru nirudie. Safari ya pili sikufika hata cha kumi. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kunguni wa kitanda kile niliwatia mimi mwenyewe.

"Wewe uko na mbavu zote," Ssalongo akasema. "Uko na meno yote. Umeshindwa. Sasa hii ulimwandikia nani?"

"Nilinakili kitabu, Ssalongo."

"Kitabu ni cha kinanda. Kinanda kinapewa upepo na mashine, hata ukikikanyaga mpaka Pasaka hakichoki. Kinanda hakipumui, mwana wange. Opio anapumua." Akaitazama karatasi. "Umeandika vizuri sana. Umesahau tu kwamba kuna watu."

Nikamwambia nitaitengeneza.

"Karatasi utaitengeneza, nakujua. Na kile kitabu kidogo cha kijani? Hicho nani atakitengeneza?"

Alichukua kofia yake akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Opio. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachonga ridi, na mkewe Akello anakunja mashuka na kuyatia ndani ya gunia. Vyombo vya kupikia vilikuwa vimeshafungwa. Kabla sijafungua mdomo Opio akasema, "Mtoto yangu, ile karatasi yako ni ya akili sana. Usisikitike. Ni mimi nimeisha."

Maneno hayo, wallahi, yaliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Mzee yule alikuwa amelichukua kosa langu na kulibeba kama lake, na alikuwa akinifariji mimi. Nikalia. Nikamwambia kweli yote: kwamba noti ile haipigiki, kwamba nilijua pale pale mbele ya kapteni, na kwamba nilinyamaza kwa woga. Akello aliacha kukunja. Opio aliendelea kuchonga muda mrefu. Mwisho akaipuliza ile ridi kuondoa vumbi.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mzee."

"Akello, umesikia? Si mimi." Akacheka, na pengo lake likaonekana lote. "Basi fungua sufuria, mama. Mtoto atakula."

Baada ya uji nilimwomba jambo ambalo sijapata kuliona katika kitabu chochote cha muziki. Nilimwomba anipigie noti zake zote, moja moja, kutoka chini mpaka juu, aniambie ukweli wa kila mojawapo. Alipiga, nami nikaandika. "Hii bado nzuri. Hii inavuja upepo. Hii nikiipiga asubuhi ni nzuri, mchana hapana. Hii iliondoka na meno." Alisema hivyo bila uchungu, kama mkulima anayekuonyesha shamba lake, hapa panaota, hapa pana mawe. Tulipomaliza alikuwa na noti sita nzuri, na pumzi ya vipimo vitatu, au vinne kama hakukohoa. Lakini noti sita zile, mwanangu! Mungu alikuwa ameacha ndani yake utamu wote wa zile zilizoondoka.

Siku mbili sikufanya kazi nyingine. Asubuhi ya Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, nilikaa barazani kwa mama yangu na karatasi safi, na maneno ya Maalim yakanirudia kutoka nyuma ya duka la nafaka. Sisemi kwamba muziki ni kama Qur'ani, hasha. Nasema kifua ni kile kile alichokiumba Mola, na adabu ya kukiheshimu ni moja. Noti ndefu niliigawa kwa watu watatu, wapokezane kama wanawake wanaotwanga katika kinu kimoja: huyu anainua mchi, huyu anashusha, na kinu hakinyamazi. Kila mmoja nilimwekea alama mahali pake pa kuvuta pumzi. Kisha ile sauti tamu niliyokuwa nimejiwekea nikaiondoa kwangu. Nikaipunguza, nikaigeuza, mpaka ikaenea ndani ya noti sita za Mzee Opio, vipimo viwili viwili na nafasi katikati. Mimi nikajiandikia kunyamaza.

Nilipoitazama karatasi ile nikagundua kwamba imekuwa nzuri kuliko ya kwanza. Hilo ni siri ya Mwenyezi Mungu, mpaka leo nalistaajabia.

Ikabaki kile kitabu cha kijani. Alhamisi asubuhi nilitia udhu, nikaswali rakaa mbili, nikaenda ofisini kwa kapteni. Alinikaribisha kwa Kinubi, akaniuliza hali ya mama. Nikapiga saluti nikamwambia kwamba kosa la Jumatatu lilikuwa langu. Niliandika noti isiyopigika, na Mzee Opio alijaribu kunitii.

Alinitazama kwa tabasamu lile lile. "Wewe ni mtoto wetu," akasema. "Unajua unamtetea nani?"

"Namtetea mtu asiye na kosa, afande."

"Jumatatu ulikuwepo. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa, afande."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi."

Akacheka kwa kweli, nadhani hakutarajia jibu hilo. Alitoa kitabu, akapekua, akapiga mstari mmoja juu ya jina. Niliuona kwa macho yangu. Kisha akaikita kalamu chini yake. "Jina hili lilikuwa limejaza nafasi," akasema. "Nafasi haikai wazi. Nipe lako kamili, na la baba yako." Nikayataja. Akayaandika polepole vile vile. "Toka."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilikuwa nimechelewa siku tatu kuchutama.

Mchana kapteni alikuja kwenye mazoezi kama alivyoahidi. Ssalongo aliinua fimbo. Noti nzito ikapita kwa wale watatu bila mshono. Kisha bendi yote ikashuka chini, ikabaki baritoni peke yake. Opio alipiga zile noti zake sita. Akavuta pumzi mahali nilipomwekea, bila kuificha, kila mtu akaisikia, na kule kusikika kulikuwa sehemu ya muziki, kama mzee anayesimama njiani kidogo kisha anaendelea na habari. Yule mpiga ngoma aliyecheka Jumatatu alikuwa ameinama. Nilikaa na saksafoni yangu kimya magotini, na sijawahi katika maisha yangu kupiga kitu kizuri kama kule kunyamaza.

Kapteni alisikiliza mpaka mwisho. Alivaa kofia akatoka, na mkono wake haukwenda mfukoni.

Ssalongo alifuta uso kwa leso, akasema kwa Kiganda, "Agali awamu ge galuma ennyama," kisha akatufasiria sisi wengine kwamba meno yaliyo pamoja ndiyo hutafuna nyama. Opio akainua mkono kama mtoto wa shule. "Na sisi tusio na meno, Ssalongo?"

"Wewe utakunywa mchuzi," Ssalongo akasema, na chumba kizima kikacheka, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Opio.

Ijumaa wageni walikuja, tukapiga, wakapiga makofi. Opio alibaki kwenye bendi na kwenye chumba chake. Jina langu lilikaa kwenye kitabu kile, na kwa miezi mingi kila gari lililosimama Kisenyi nilidhani limenifuata. Halikuja. Kapteni alihamishwa, na sijui kitabu kilikwenda wapi. Aliyekifunga ni Mungu. Baadaye vita vilikuja, utawala ukaanguka, na ikawa zamu yetu sisi Wanubi kuogopa majina yetu. Tulitawanyika. Opio alirudi Lira, na miaka mingi baadaye Akello aliniletea salamu kwamba amekufa kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo, kitandani, maana si wengi wa wakati wetu waliolipata.

Nami nimepanga muziki kwa zaidi ya miaka arobaini: saksafoni nne, harusi, mahafali, vijana wa shule ambao chombo chao ni cha kuazima. Kila kazi huianza kwa karatasi isiyo na muziki. Nawaandika watu kwa majina, na chini ya kila jina noti zake nzuri, na pumzi yake. Huyu ana pumu. Huyu ni mja mzito. Huyu amefiwa, msimpe sauti ya peke yake mwezi huu. Wengine hunicheka kwamba naandika kama daktari. Na wacheke, ndivyo nilivyofundishwa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, uipokee kama nilivyoipokea mimi, kwa haya. Kabla ya kumwandikia mtu jambo la kufanya, uwe mwanamuziki, au mwalimu, au mkubwa wa kazi, mtazame usoni yule atakayelifanya, kisha lijaribu kwa kifua chako mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ukiwa na kalamu mkononi huo usufi huwa mwepesi zaidi. Usione haya kumuuliza mtu anachoweza na asichoweza; ukimuuliza kwa heshima atakuonyesha hazina ambayo hukuijua. Jambo tamu usijiwekee wewe kila mara. Ukikosea na mwingine akashikwa kwa kosa lako, sema siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku tatu, na siku ya kwanza tu mwanamke mmoja alifunga sufuria zake akidhani mumewe hatarudi. Mungu alinisitiri, lakini sijasahau lile gunia. Na ukipata mwalimu anayekukosoa bila kukuaibisha mbele ya watu, mshike, umwombee akiwa hai na akiwa kaburini, hata kama yeye anaswali kwa namna yake na wewe kwa namna yako.

Ewe Mola wangu, mwenye kusikia sauti kubwa na ndogo, mbariki kila aliyeisoma habari hii mpaka hapa. Mpe kazi ya halali anayoipenda, na wenzake wa kuifanya nao. Mlinde na jeuri ya wenye nguvu, na umlinde asiwe na jeuri siku atakapopewa nguvu. Wazazi wake uwape afya, watoto wake uwape adabu, na nyumba yake isikose uji wa kumpa mgeni aliyekuja akilia. Amina.